Kisogo changu nilionyeshwa na rafiki

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie neno moja ambalo vijana wetu hulisikia kila siku, redioni, kanisani, msikitini na katika hotuba za mahafali, nalo ni "kujitambua". Kijana huambiwa ajitambue, msichana husifiwa kwamba anajitambua, na yeyote aliyeteleza hubezwa kwamba hajitambui. Sina ugomvi na neno lenyewe. Kinachonisumbua ni kwamba wanaolitumia humwacha kijana peke yake mbele ya kazi hiyo, kana kwamba mtu akijifungia chumbani na kufikiri kwa bidii, atatoka humo akiwa amejijua. Nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari za magharibi mwa Uganda kwa zaidi ya miaka 25, na kwa muda mrefu niliamini hivyo hivyo, mpaka rafiki yangu aliponiambia, nikiwa mgeni ndani ya nyumba yake, jambo kunihusu ambalo sikuwa nimelifikiria hata siku moja.

Nianze na foleni. Mwaka 2025, wakati wa zoezi la kuhuisha vitambulisho vya taifa, nilikaa karibu saa nne chini ya mwembe nikisubiri zamu yangu. Nilipofika mezani niliulizwa majina, wazazi, mahali pa kuzaliwa, ukoo na kabila. Nilijibu kwamba mimi ni Mlugbara, kwa sababu baba alitoka upande wa Arua, na kwamba nilizaliwa Kilembe, kwa sababu baba alikuja huku kuchimba shaba. Mama ni Mtooro. Lugha tuliyoongea nyumbani ni Kiswahili cha mgodini, lakini hilo sikuulizwa, wala sikulisema. Mwisho wa mazungumzo hayo mtu hubaki na ile namba yake ya herufi na tarakimu 14, inayoanza na CM ikiwa ni mwanamume au CF ikiwa ni mwanamke, na kwa upande wa serikali kazi ya kumtambua huwa imekwisha.

Kwa mwalimu wa lugha, foleni ndefu ni mahali pazuri pa kunyambua vitenzi. Kutokana na "tambua" tumepata kitambulisho, utambulisho, kutambulika, kujitambulisha na huko kujitambua kunakohubiriwa sana. Lakini limo pia neno "kutambuana", ambalo sijalisikia katika hotuba hata moja ya mahafali. Kiambishi "ji" humfanya mtenda na mtendwa kuwa mtu mmoja, ilhali mnyambuliko wa "ana" hudai watu wawili, kila mmoja akimtenda mwenzake na kutendwa naye. Sarufi haimzuii mtu kusema "nimejinyoa", ila wahenga waliyajua matokeo yake waliposema kwamba kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Ukienda kwa kinyozi yeyote wa Kasese utaona kwamba kioo kikubwa kilicho ukutani hukuonyesha uso tu. Ili uone kisogo, kinyozi hulazimika kushika kioo cha pili nyuma yako, nawe utazame katika kile cha mbele. Kimoja bila kingine hakikuonyeshi kisogo, na kile cha pili huwezi kujishikia ukaona vizuri.

Ndugu zetu wa Tooro na Bunyoro wanalijua hili kwa njia yao. Wana desturi ya empaako, yaani jina la heshima na mapenzi ambalo mtu hupewa mbali na majina yake mengine, nayo mwaka 2013 iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Siku ya kumpa mtoto jina, shangazi zake humpokea, humkagua uso, na kutafuta anafanana na nani katika jamaa, na mfanano huo ndio huwa msingi wa kuchagua jina. Mimi shangazi zangu walikuwa mbali, Arua, kwa hiyo mama alichukua dada zake wakaifanya kazi hiyo, jambo ambalo wakali wa mila wanaweza kulipinga. Walinitazama, wakashauriana, wakaniita Araali. Kabla sijajua kwamba nina uso, walikuwepo watu walioutazama na kusema ni wa nani.

Sasa nieleze habari ya huyo rafiki, ambaye nitamtaja kwa empaako yake tu, Apuuli. Majina hayo ni machache na wenye nayo ni wengi mno, kwa hiyo sijamfichua mtu. Tulisoma pamoja shule ya msingi Kilembe. Yeye akawa fundi wa redio mjini Kasese, nami nikawa mwalimu. Machi 2020 shule zilifungwa kwa ajili ya korona, na Mei mwaka huo huo mto Nyamwamba ukafurika, kama ulivyofurika mwaka 2013, ukaondoka na jiko langu, ukuta mmoja wa nyumba na vitabu vyote vya rafu ya chini. Apuuli alikuja na toroli, akapakia kilichobaki, akanipa chumba kwake. Nilikaa humo miezi minne.

Wasomaji walio walimu wataelewa hali niliyokuwa nayo. Shule hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022. Mtu aliyezoea kuitwa "Mwalimu" mara hamsini kwa siku, ghafla hakuitwa na yeyote, na saa moja jioni amri ya kutotoka nje ilikuwa imetufungia sote barazani. Nilijitazama sana wakati huo, pengine kuliko wakati mwingine wowote wa maisha yangu. Nilijiuliza mimi ni nani bila chaki, na jibu nililojipa lilinifariji: mimi ni mtu mpole, mvumilivu, asiyemsumbua mwenyeji wake, na mwenye mapenzi na lugha yake. Nililiamini jibu hilo kwa sababu nililipata kwa kutafakari, na mtu hushuku zaidi anayoambiwa kuliko anayojiambia.

Jioni moja Apuuli alikuwa amefungua redio ya mteja mezani. Akaweka bisibisi chini, akasema, "Araali, naomba nikuambie neno, na nakuomba usinijibu leo." Kisha akasema: "Unanyamaza pale tunapotaka useme, na unasema pale tunapotaka unyamaze."

Hakuishia hapo, na namshukuru kwa hilo, kwa sababu maneno ya jumla hayamfundishi mtu. Alinikumbusha kwamba shemeji alikuwa ameniuliza mara tatu kama chakula kinanifaa na kama watoto wananisumbua usiku, na mara zote tatu nilijibu "hamna neno", hata wiki ile ambayo yeye mwenyewe alinisikia nikitembeatembea chumbani hadi alfajiri kwa sababu ya kelele. Shemeji hakuiona heshima katika jibu hilo. Aliona hukumu iliyofichwa, na kila siku alipika akijiuliza amekosa nini. Lakini mtoto wake wa miaka sita aliposema "kitabu yangu", nilitoka chumbani, nikavuka ukumbi mzima kwenda kumwambia kwamba ni "kitabu changu". Mtoto yule alikuwa ameacha kuongea Kiswahili nikiwa karibu, nami sikuwa nimeligundua.

La pili lilinichoma zaidi. Majirani waliokuwa wakipita asubuhi kumsalimu Apuuli kwa Kiswahili walikuwa wamehamia lugha za huku, Lukonzo na Rutooro, kila nilipotokea mlangoni. Hilo nilikuwa nimeliona, ila nilikuwa na maelezo yake tayari, tena maelezo ya kisomi. Kwa miaka mingi nimewaambia wanafunzi kwamba Waganda wa makabila mengi hukiogopa Kiswahili kwa sababu ya historia: kwamba Kabaka Daudi Chwa, mfalme wa Buganda, alikipinga hadharani mwaka 1929, kwamba Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwamba kwa wazee wengi ndiyo lugha waliyofokewa nayo kwenye vizuizi vya barabarani. Yote hayo ni kweli na nitaendelea kuyafundisha. Apuuli alinisikiliza nikianza mhadhara huo, akanikatiza kwa upole: "Hawaogopi lugha, Mwalimu. Soko la Mpondwe wanauziana samaki na Wakongo kwa lugha hiyo hiyo. Wanakuogopa wewe."

Sikumjibu siku ile, kama alivyoomba. Ukweli ni kwamba sikumjibu kwa siku kumi na moja, na katika siku hizo sikuwa nikitafakari kwa utulivu kama vitabu vya ushauri vinavyodhani. Nilikuwa na hasira. Nilihesabu makosa yake yote tangu darasa la nne. Nilijiambia kwamba anasema hivyo kwa sababu anataka niondoke, kisha kwamba shemeji ndiye aliyemtuma, kisha kwamba fundi wa redio hawezi kujua gharama ya kulinda ngeli katika nchi hii. Ndipo nikang'amua, nikiwa nanawa mikono mbele ya watoto, kwamba kwa siku kumi na moja nilikuwa nimemnyamazia mwenyeji wangu, na kwamba kati yake siku ya tatu na ya nane nilikuwa nimemsahihisha matamshi.

Nilikuwa na daftari moja la kurasa 96 lililonusurika mafuriko. Nikaligawa kurasa zake katikati kwa rula. Upande mmoja kila usiku niliandika nani nimemsahihisha, kwa kosa gani, na kama aliniomba. Upande wa pili niliandika ni jambo gani niliulizwa au nilistahili kulisema nikalinyamazia. Katika wiki tatu za mwanzo niliandika masahihisho 37, na 29 kati yake hayakuombwa na mtu. Upande wa ukimya ulikuwa mgumu zaidi, kwa sababu asiyesema hujisahaulisha upesi kwamba alikuwa na la kusema, na baadhi ya usiku nilimaliza ukurasa wa kwanza nikauacha wa pili mtupu, kisha nikaamka saa nane nikiwa nimekumbuka.

Baadaye nilifurahi kugundua kwamba nilikuwa nimepita njia iliyopitwa na mtu mkubwa bila kuijua. Benjamin Franklin, yule mwanasiasa na mwanasayansi wa Marekani wa karne ya 18, ameeleza katika kumbukumbu za maisha yake jinsi alivyojitengenezea kijitabu cha kujikagua. Alipiga mistari ya safu saba kwa siku saba za juma, akaorodhesha sifa njema alizotaka kuzipata, na kila alipokosea alitia nukta nyeusi mahali pake. Jambo ambalo wanaomsifu kwa nidhamu yake hulipita haraka ni kwamba orodha ya kwanza, aliyoitunga peke yake kwa fikra zake zote, ilikuwa na sifa 12 tu. Ya 13, unyenyekevu, haikuwemo. Aliiongeza baada ya rafiki yake mmoja wa madhehebu ya Quaker kumwambia kwamba watu kwa jumla wanamwona ana kiburi, akamtolea mifano ya jinsi anavyowakandamiza wenzake katika mabishano. Kwa hiyo zile wiki 13 ambazo zikizungushwa mara nne hutimiza mwaka, hesabu ambayo waandishi huipenda kwa unadhifu wake, hazikutoka katika kichwa chake pekee. Wiki moja ya mzunguko ule ni ya rafiki. Franklin mwenyewe alikiri kwamba hakufanikiwa sana katika hiyo ya 13, na kwamba hata kama angefaulu, huenda angejivunia unyenyekevu wake. Nampenda kwa maneno hayo kuliko kwa mambo yake mengine yote.

Shule zilipofunguliwa niliteuliwa kuwa mmoja wa walimu wa unasihi, tukapelekwa kwenye semina. Huko ndiko niliposikia habari za "Dirisha la Johari". Msomaji wa Kiswahili, kama mimi, atadhani kwamba mvumbuzi alikuwa na mshairi wa Lamu karibu yake, akachagua neno la kito kwa sababu nafsi ni kitu cha thamani. Sivyo. Mwaka 1955 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Joseph Luft na Harrington Ingham, waliunganisha sehemu za majina yao ya kwanza, ya Joseph na ya Harrington, likatokea jina hilo. Lugha yetu haina habari, lakini nadhani imepata zawadi.

Dirisha hilo lina vioo vinne. Kimoja ni yale ninayoyajua mimi na wenzangu wanayajua, kwa mfano kwamba mimi ni mwalimu na kwamba sipendi bamia. Kingine ni yale ambayo wenzangu wanayaona ila mimi siyaoni. Hapo ndipo palipokuwa na kisogo changu chote, pamoja na mtoto aliyeacha kuongea. Cha tatu ni yale ninayoyajua mimi ila nimeyaficha. Cha nne hakijulikani na yeyote, na sina la kusema juu yake. Wavumbuzi wake walisema kwamba kioo cha kwanza hupanuka kwa njia mbili: wengine wakikuambia wanayoyaona, nawe ukiwaambia uliyoyaficha.

Mkufunzi wetu alitugawia orodha ya vivumishi, akatutaka kila mmoja achague vinavyomfaa yeye mwenyewe na vinavyowafaa wenzake. Tulikuwa walimu thelathini ndani ya ukumbi mmoja, na wakuu wetu wameketi mstari wa mbele. Matokeo yake yalikuwa kwamba sote tulikuwa wakarimu, wacheshi na wachapakazi, na wenzangu wanane waliniandikia mimi "mpole". Niliitazama karatasi ile nikaona hatari ya zoezi zuri likifanywa mahali pabaya. Watu wanane walikuwa wamenirudishia barakoa yangu wakiithibitisha kuwa ni uso. Kama Apuuli asingetangulia, ningerudi nyumbani na ushahidi wa maandishi kwamba sina kasoro, umetiwa na mhuri wa semina.

Kwa hiyo wingi wa macho pekee hausaidii. Wale wanane walikuwa wakinijua kwa miaka, lakini walinijua katika chumba cha walimu, ambako "hamna neno" ni jibu zuri la kazi. Apuuli alikuwa amekula nami chumvi moja, amenisikia nikikohoa usiku, ameona mkewe akipunguza pilipili bila kujua kama ndiyo inayonikera. Isitoshe, hakunieleza mbele ya watu. Hakusema kwa hasira, maana kama angengoja mpaka nimuudhi, ningeyahesabu maneno yake kuwa kisasi na ningekuwa na haki. Alinizuia nisijibu siku ile, nafikiri kwa sababu alijua kwamba jibu langu la kwanza lingekuwa la mhadhiri. Na kesho yake asubuhi chai yangu ilikuwa mezani kama kawaida. Nilipomuuliza baadaye kwa nini alithubutu, alinijibu kwamba Mtume amesema muumini ni kioo cha muumini mwenzake, kisha akaongeza kwamba kwa kuwa mimi ni Mkristo nisione kwamba nimesamehewa.

Najua kwamba wapo watakaosoma barua hii na kusema kwamba desturi zetu haziruhusu mambo haya, kwamba mtu mzima hasahihishwi, na mwalimu zaidi. Wana hoja. Heshima tunayowapa wakubwa ina gharama yake, nayo ni kwamba kadiri mtu anavyopanda umri na cheo ndivyo vioo vinavyopungua mbele yake, mpaka anabaki na wale wanaomwambia tu kwamba shati limempendeza. Na maneno hayakomi kusemwa kwa sababu ya heshima hiyo. Huhamia kisimani, kwenye kibanda cha chapati na katika vikundi vya WhatsApp ambavyo mhusika hayumo. Yaliyonihusu mimi yalikuwa yakisemwa mtaani kwetu kwa wiki nyingi. Umbea ulikuwa na taarifa zote alizokuwa nazo Apuuli. Hakuna hata chembe yake iliyonifikia.

Upande mwingine, siwatetei wale ambao siku hizi hujivunia kwamba wao "husema ukweli tu", nao humaanisha kwamba hutukana bila kuomba radhi. Mtu anayemwambia mwenzake "wewe una roho mbaya" hajamwonyesha kisogo, amempiga kofi. Hakuna cha kwenda kuandika katika daftari kutokana na maneno kama hayo. Mtu akikuambia kwamba Jumanne uliulizwa hivi ukajibu hivi, na kwamba fulani baadaye alifanya hivi, unaweza kwenda kuchunguza kama ni kweli, na unaweza kukuta kwamba amekosea.

Maana Apuuli naye alikosea, angalau nusu. Yeye ni mtoto wa mfanyabiashara, amekulia katika nyumba ambayo mlango haukufungwa na watu waliongea kwa kupokezana usiku kucha, na kwake ukimya wowote ni ugonjwa au hila. Kioo chake nacho kina mahali kilipopinda. Daftari langu, kufikia mwezi wa pili, lilikuwa limeanza kunionyesha jambo ambalo yeye asingeweza kuliona hata angenitazama miaka mia. Kila nilipoandika katika ule upande wa ukimya, maneno niliyokuwa nimeyatumia kujikinga yalikuwa yale yale mawili, "hamna neno", na usiku mmoja nikaisikia sauti iliyonifundisha maneno hayo, nayo haikuwa yangu.

Nilizaliwa mwaka 1968. Nyumba za wafanyakazi wa mgodi zilipangwa kwa safu, ukuta mmoja kwa familia mbili, na katika miaka ya 1970, enzi za Amin, neno lililotamkwa upande huu liliweza kumfikisha mtu mahali asikorudi. Jirani yetu mmoja alichukuliwa hivyo, nami nilikuwa na miaka minane. Baada ya siku ile baba alituketisha, akatufundisha kwamba yeyote akituuliza lolote, kama tumekula, kama baba yuko, kama kuna mgeni, jibu ni "hamna neno". Alituzoesha mpaka jibu likawa linatoka lenyewe. Sikuwa nimesahau kisa hicho. Nilikuwa nimekihifadhi mahali pake kama habari ya Uganda, pamoja na mwaka 1973 na vizuizi vya barabarani, na sikuwa nimewahi kukitazama kama habari ya meza ya shemeji yangu.

Nilimsimulia Apuuli. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikaa jioni nzima bila kusema kitu. Kisha akaniuliza kama ina maana kwamba alinionea. Nililifikiria swali hilo siku nyingi na bado nafikiri nililijibu sawasawa nilipomwambia kwamba hapana. Mimi nilikuwa na sababu, na shemeji alikuwa na maumivu, na sababu yangu haikuwa imempunguzia hata usiku mmoja wa kujiuliza amekosa nini. Mimi peke yangu ningeweza kuchimba mpaka kwenye chanzo cha ukimya wangu na nisijue kamwe ulikuwa ukifanya nini upande wa pili wa meza. Yeye aliona ulichokifanya, akakosea kuhusu ulikotoka. Kuhusu kusahihisha, hatujakubaliana mpaka leo. Yeye anasema ni kiburi. Mimi nasema sehemu yake ni kiburi na sehemu nyingine ni kazi niliyoajiriwa kuifanya, ingawa nakubali kwamba sikuajiriwa kuifanya ukumbini kwake.

Ningependa, Mhariri, wale wanaoandaa mafunzo ya unasihi shuleni wasiishie kumpa mwanafunzi karatasi ya "mimi ni nani" na nusu saa ya kuijaza. Wampe pia muda, na namna ya heshima ya kumwendea mwenzake mmoja anayemwamini na kumwomba amweleze tukio moja, moja tu, ambalo aliliona yeye mwenyewe. Nimelijaribu hili na wanafunzi wa kidato cha tatu. Wengi hucheka mwanzoni, na wawili walikosana kwa juma zima kabla ya kurudiana. Msichana mmoja alikuja kuniambia kwamba ameambiwa na rafiki yake kuwa huomba msamaha hata anapokanyagwa yeye, na akaniuliza kama hiyo ni sifa au ni kasoro. Nilimwambia akaandike kwa wiki mbili, ndipo tuongee. Bado anaandika.

Kitambulisho changu kipya kilipotoka nilimpelekea Apuuli akione. Alikiweka chini ya taa ya kazi, akakisoma kama anavyosoma redio, akaniuliza mbona jina la kijiji limepungukiwa na herufi. Ilinibidi nieleze kwamba kosa lilikuwa langu, niliandika kwa haraka katika fomu, na kwamba pale mezani karani alinigeuzia skrini kwa adabu kabisa akaniuliza, "Mzee, taarifa ziko sawa?" Apuuli akaniuliza kama niliiona ile herufi. Nikasema niliiona. Akaniuliza nilimjibu nini karani.

Alicheka mpaka shemeji akatoka jikoni kuuliza kulikoni. Safari hii nilimweleza yote, na nilipokuwa bado na ujasiri nikamwambia pia kwamba mchuzi wa Jumapili ulizidi chumvi.

Wako mtiifu,

Mwalimu Araali,
Kasese